Mwaka Kijiji Chetu Kilipotafuta Kitovu

Enzi zetu duara halikuzaliwa ndani ya daftari. Lilizaliwa uwanjani, kwenye vumbi, likachorwa kwa kamba na kigingi, na aliyelichora alirudi nyumbani na magoti mekundu kama mtu aliyekuwa akiungama dhambi kubwa. Nawaandikia ninyi mliosoma katika miaka ile ya wakimbizi huku kwetu Mbuba, wilayani Ngara, mnaoikumbuka bikari ya mbao ya shule yetu iliyokuwa imekatika mguu mmoja. Kwa kuwa haikuweza tena kuchora duara, ilitumika kama rula, na siku tulipopiga kelele ilitumika kwa kazi nyingine ambayo nadhani hamjaisahau.

Ilikuwa miaka ya malori. Yalipita barabarani mchana kutwa, meupe kwa rangi na mekundu kwa vumbi, nasi tulijifunza kusoma herufi za kigeni kwenye magunia kabla hatujafundishwa darasani. Kila nyumba ilikuwa na kipande cha turubai la bluu: lingine lilikuwa mlango, lingine koti la mvua, na kwa Mzee Gaspari, aliyekaa nyumba ya mwisho upande wa juu wa kijiji, lilikuwa kitambaa cha meza siku ya Pasaka. Tulikula ugali wa unga wa njano ambao wazee waliushuku kwa miezi kadhaa kabla ya kuuzoea. Tulitafuna biskuti ngumu zilizotoka kambini, ambazo mtu mwenye busara alizilaza kwanza kwenye maji na mtu mwenye haraka alizivunjia jiweni. Darasani tulikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, na jirani yangu alikuwa Yasinta, binti wa Mzee Bukuru, familia iliyovuka mpaka kutoka Burundi na kujenga kibanda chini kabisa ya kijiji, ng'ambo ya kichaka, badala ya kwenda kambini.

Mwalimu wetu wa hisabati aliitwa Kamugisha. Alikuwa Mhaya mwenye viatu vinavyong'aa hata nyakati za masika, na kabla ya kuja kwetu alifundisha kule Nyarubungo, Biharamulo, ambako, kwa maelezo yake, wanafunzi walikuwa na akili zaidi. Aliamini kwamba hakuna jambo la hisabati ambalo kijiji hakilifanyi tayari bila kulijua. Kwa hiyo siku ilipofika zamu ya sehemu za duara, alitupanga mistari miwili akatupeleka kilabuni.

Naomba msicheke haraka. Wenzangu wa Ngara mnajua jinsi wazee wetu walivyokunywa pombe ya mtama: mtungi mmoja katikati, wazee wamezunguka kwenye vigoda, na kila mmoja ameshika mrija wake mrefu ulioingia kwenye mtungi uleule. Mwalimu aliwasalimia kwa heshima, akaomba ruhusa ya kuwatumia kama zana za kufundishia, nao wakakubali kwa sharti kwamba wasiache kunywa.

"Mtungi ni kitovu," alitufundisha, akinyoosha ile bikari yenye mguu mmoja. "Mgongo wa kila mzee uko kwenye mzingo. Mrija wa kila mmoja ni nusu kipenyo. Ukichukua mrija wa Mzee Gaspari na mrija wa Mwenyekiti, walioketi wakitazamana, umepata kipenyo kizima. Na kutoka bega la Mzee Gaspari hadi bega la jirani yake, ukifuata mzingo, hilo ni tao."

Tuliandika. Wazee nao walisikiliza kwa makini ambayo sijapata kuyaona katika mkutano wowote wa wazazi. Mwalimu akamalizia kwa kanuni iliyokuja kuleta balaa lote: katika duara moja, nusu kipenyo zote ni sawa. Hapo Mwenyekiti Protazi, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji na mtu wa kupenda haki kuliko chakula, aliutoa mrija mdomoni, akautazama, kisha akautazama wa Mzee Gaspari. Wa Gaspari ulikuwa mfupi. Mzee Gaspari alijitetea kwamba amesogeza kigoda kwa sababu ya mgongo wake. Mwenyekiti alimjibu kwamba huo si ugonjwa wa mgongo, ni uharibifu wa duara.

Kuanzia siku hiyo kilabu chetu kikawa mahali pa nidhamu ya kutisha. Mirija ilipimwa kabla ya kuketi. Mzee aliyechelewa hakuambiwa tena asogee. Aliambiwa atafute nafasi yake kwenye mzingo. Wake zao walilalamika kwamba waume wanarudi nyumbani wamelewa na bado wanazungumza hisabati, ilhali zamani walirudi wamelewa tu.

Basi ndipo habari ya tangi ilipofika. Kwa muda mrefu watu wetu walinung'unika kwamba kambini kuna maji ya bomba, ilhali sisi wenyeji tunashuka bondeni kwenye chemchemi ileile waliyochota babu zetu, na siku hizo ilikuwa ikichotwa na watu wengi hadi kubaki tope. Sasa wafadhili walikubali kukipa kijiji chetu tangi moja kubwa la bati, lenye umbo la duara, na maji ya kulijaza. Kijiji kilitakiwa kitu kimoja tu: kuonyesha mahali pa kuliweka.

Katika kijiji kingine chochote, jambo hilo lingemalizika kabla ya jua la mchana. Kwetu Mwenyekiti Protazi alisimama mkutanoni akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa jambo, kwamba tangi likiwekwa popote ovyo, wengine watatembea sana na wengine watatembea kidogo, na huko ndiko ugomvi unakozaliwa. Dawa ipo, na watoto wetu wanaifahamu. Tangi liwekwe kwenye kitovu. Ikiwa nyumba ya mwisho juu ni ya Mzee Gaspari na nyumba ya mwisho chini ni ya Katekista, basi umbali wa kutoka kwa huyu hadi kwa yule ni kipenyo cha kijiji. Kipimwe, kigawanywe kwa mbili, na hapo katikati pachimbwe. Watu walipiga makofi. Mwalimu Kamugisha alipiga makofi kuliko wote, maana hakuna mwalimu aliyewahi kuona somo lake likipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Darasa la tano tukakabidhiwa kazi hiyo. Tulipewa kamba ya mkonge na kundi la vigingi, na tukaanza mlangoni kwa Mzee Gaspari tukishuka kilima. Kila kamba ilipofika mwisho tulipigilia kigingi na kuanza upya kutoka hapo. Siku ya kwanza kazi iliharibika kwa sababu mwenzetu aliyehesabu kamba alikuwa akihesabu kwa punje za mahindi ya kukaanga, na njaa ilipomshika alikula sehemu ya kijiji. Siku ya pili vigingi vilipotea. Kuni zilikuwa adimu, milima imebaki na upara, na mti mkavu uliosimama wima peke yake njiani ulionekana na kila mama kuwa ni zawadi ya Mungu. Tulimkuta hata mke wa Mwenyekiti akiivisha maharage kwa vigingi vya mradi. Siku ya tatu tuliweka mawe, na hatimaye tukafika mlangoni kwa Katekista. Yasinta ndiye aliyeishika ncha ya mwisho ya kamba. Alisimama pale ameinyoosha barabara, uso ukitazama kijiji, na nyuma ya mgongo wake, ng'ambo ya kichaka, moshi ulikuwa ukitoka nyumbani kwao.

Tuligawanya kwa mbili, tukarudi tukihesabu. Kamba ilipita kwenye migomba, ikakata uwanja wa mtu, ikaingia mlangoni kwa bibi yangu Anastazia, mama yake baba. Mwalimu alisema twende nayo mpaka mwisho. Ikapita jikoni, ikazunguka nguzo, ikaingia chumbani, na pale ilipoishia palikuwa katikati ya kitanda.

Bibi alikuwa shambani. Aliporudi na jembe begani alilikuta darasa zima limekizunguka kitanda chake kwa ukimya, na Mwalimu amevua kofia.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema. "Hakuna aliyekufa. Tumekipata kitovu."

"Marahaba. Kilikuwa kimepotea lini?"

Mwalimu alimweleza. Alieleza vizuri, kwa subira, kuanzia mtungi hadi kipenyo, na Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akasema kwamba sasa angependa kubadilisha nguo.

Sisi watoto tulidhani jambo hilo litaishia kwenye kicheko. Jioni Mwenyekiti alikuja mwenyewe, hakukaa, akasema kijiji kinamwomba Bibi ahame kabla ya kiangazi kwisha. Angepewa kiwanja kizuri pembezoni na vijana wangemjengea. Baba yangu aliuliza kama tangi haliwezi kuwekwa hapo nje, kando ya nyumba. Mwenyekiti alimtazama kwa huzuni ya kweli. Alisema likisogea hata hatua moja si kitovu tena, litakuwa mahali tu, na yeye hawezi kuwadanganya wananchi kwa mahali tu. Mwalimu Kamugisha, aliyeitwa kushuhudia, alijaribu kusema kwamba katika maisha ya kawaida "karibu na hapo" hutosha. Mwenyekiti akamkumbusha kanuni yake mwenyewe, neno kwa neno, naye Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa alikuwa amefundisha vizuri mno.

Nyuma ya nyumba ile alizikwa babu yangu. Bibi hakulia wala hakupaza sauti. Alipokuwa akimenya ndizi aliniambia tu, "Mwana wanje, mwanangu, mimi nitahama kwa miguu yangu. Babu yako atahama na nani?" Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza katika somo la duara, na mkono wangu ndio uliogawanya kile kipenyo kwa mbili. Nilirudia hesabu mara nyingi nikiomba niwe nimekosea, na kila mara nilipata.

Nilinyoosha mkono darasani nikamuuliza Mwalimu kama kitovu kinaweza kuhamishwa.

"Kitovu hakihamishwi," alisema. "Kinachohamishwa ni mzingo. Ukisogea, kitovu kinaufuata chenyewe, ila kwa nusu tu: mzingo ukienda mbele hatua mbili upande mmoja, kitovu kinakwenda moja."

"Na mzingo unahamishwaje, Mwalimu?"

"Kwa kugundua kwamba ile nyumba uliyoidhani ya mwisho si ya mwisho."

Yasinta alikuwa kando yangu, kiwiko chake kikigusa changu, kama siku zote. Nilimwona tena akiishika ncha ya kamba mlangoni kwa Katekista. Nikamnong'oneza kwamba kwao hatukupima. Akanijibu bila kuinua macho kwamba anajua. Alidhani hatujasahau, bali tumeamua.

Jibu hilo lilinichoma, nami nililibeba mpaka kwa Bibi. Siku ya mkutano uliofuata alivaa kanga zake za kwenda kanisani, akaketi mstari wa mbele, akasubiri mpaka Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye swali.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "Mzee Bukuru anakaa wapi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba anakaa kule chini, ng'ambo ya kichaka.

"Anachota maji wapi?"

"Kwenye chemchemi yetu."

"Basi kipenyo chenu kimemkata miguu."

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza zote. Mwenyekiti alisema mkimbizi ni mgeni, na Bibi Anastazia mwenyewe anajulikana kwa msemo wake kwamba mgeni hahesabiwi. Bibi alisema msemo ule unahusu vijiko, kwamba mgeni hula bila kuhesabiwa, wala hauhusu nyumba. Katekista, ambaye mpaka siku hiyo alijivunia kuwa mwisho wa kijiji, alilalamika kwamba anaondolewa kwenye mzingo bila kupewa taarifa. Mzee Gaspari alisimama kumuunga mkono Bibi, nadhani kwa ajili ya kisasi cha mrija, akakumbusha kwamba mama yake mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya mto wa mpakani, huko huko walikotoka akina Bukuru. Na mara watu wakaanza kukumbuka mashangazi, mawifi na mahari za ng'ambo ambazo hazikuwa zimetajwa tangu malori yaanze kupita. Mikono ikanyooshwa. Mzee Bukuru akahesabiwa.

Tukapima upya. Kitovu kiliondoka kitandani kwa Bibi, kikapita kwenye migomba, kikashuka kilima, kikaingia katika uwanja wa Mwenyekiti Protazi na kutulia katikati ya zizi lake la mbuzi.

Nasema kwa heshima zote kwamba Mwenyekiti hakuikana kanuni. Mtu mwingine angesema hisabati ni uongo. Yeye aliwatazama mbuzi, kisha akauliza kama kule juu, zaidi ya nyumba ya Mzee Gaspari, hakuna mtu aliyesahauliwa. Hakuwapo. Kwa hiyo Mwenyekiti alipanda baiskeli mpaka barabarani, akaikuta familia ya wakimbizi iliyopumzika chini ya turubai, akaiomba kwa unyenyekevu ikubali kuishi kijijini kwetu, upande wa juu, mbali iwezekanavyo. Aliwajengea kibanda kwa mikono yake. Kitovu kikapanda kilima, kikawaacha mbuzi wake salama, kikaangukia shamba la kahawa la mtu mwingine.

Mwenye kahawa naye akatoka kutafuta wakimbizi.

Haya niyasemayo niliyaona kwa macho yangu. Watu waliokuwa wakificha majembe wageni wanapopita, sasa walisimama barabarani wakiwakaribisha kwa mikungu ya ndizi. Familia ikifika, iliulizwa kama inapenda kuishi juu au chini, na kila upande ulisifu hali yake ya hewa. Vibanda viliota pembezoni, juu kimoja, chini kimoja, na sisi darasa la tano tulikimbia na kamba yetu kutoka mwisho hadi mwisho tukifuatilia kitovu kama watu wanaokimbiza kuku. Mwenyekiti, akitafuta suluhisho la kudumu, alipendekeza kumhesabu binamu yake wa Kaniha, kule Biharamulo, maana naye alikunywa maji yetu siku ya arusi. Mwalimu alipiga hesabu ubaoni akaonyesha kwamba tangi lingeangukia ndani ya ule msitu ambao hata mabasi yaliupita kwa msafara, kwa kuogopa majambazi. Pendekezo likarudishwa kwa mleta hoja.

Aliyefaidika kuliko wote ni Mzee Bukuru. Akiwa wa mbali kuliko wote upande wa chini, kabla vibanda vipya havijampita, ndiye aliyekuwa nguzo ya upande wake, na wote waliotaka kitovu kisipande walimtunza kama yai. Walimletea mihogo, wakamwezekea kibanda nyasi juu ya turubai, wakamchimbia choo. Mmoja alimwomba kwa adabu, kama haitamsumbua, ahamie mbele kidogo. Siku moja nilimpelekea maziwa kutoka kwa Bibi. Aliyapokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwana wanje, hebu niambie kweli. Hawa watu wananitakia nini?"

Nilichora duara mavumbini. Nilimwonyesha kitovu, kipenyo, na mahali alipo yeye. Alilitazama duara lile mpaka nikadhani hajaelewa. Kisha akacheka mpaka Yasinta akatoka nje kuona kuna nini.

"Kwetu nilifukuzwa kwa kuwa karibu mno na watu," alisema. "Hapa napendwa kwa sababu niko mbali."

Hatimaye lori lenye mabati ya tangi lilifika pamoja na kijana mmoja tuliyemwita Injinia. Kijiji kizima kilimpokea. Mwenyekiti alimweleza hoja zote, upande wa juu na upande wa chini, na Mwalimu akamchorea. Kijana yule alisikiliza kwa heshima, akaupigia mahesabu mchoro wetu kwa kichwa, akaukubali kwamba ni sahihi. Kisha akauliza lori la kuleta maji litafikaje kwenye shamba la kahawa. Hakuna aliyekuwa amelifikiria lori. Akaelekeza kidole kando ya barabara, mbele ya shule, akasema hapo, na mafundi wakaanza kuteremsha mabati. Palikuwa mahali tu.

Mngedhani watu walikasirika. Walikuwa wamechoka mno hata kukasirika. Tena, walipokutana kwenye bomba asubuhi, wa juu kabisa na wa chini kabisa, walikuta wanajuana kwa majina, wanajua nani ana mgongo mbaya na nani amejifungua, kwa kuwa msimu mzima walikuwa wamepelekeana ndizi. Bibi alikaa nyumbani kwake. Yasinta alilala kwetu siku za mvua.

Hayo yalidumu mpaka lilipokuja tangazo kwamba wakimbizi wote walio vijijini wahamie kambini. Halikuwa ombi. Lori lilisimama mbele ya shule, na ofisa mmoja mwenye miwani akaanza kuwaita watu wapande. Mwenyekiti Protazi alikuja amevaa koti lake la mikutano. Alimweleza ofisa kwamba hao ni watu wa mzingo na kwamba bila wao kijiji kinakuwa kidogo. Ofisa alimuuliza anazungumzia kifungu gani cha sheria. Mwenyekiti alisema hazungumzii sheria, anazungumzia duara. Akapiga magoti barabarani kwa koti lake lile, achore. Alikuwa bado hajalifunga duara pale lori lilipowashwa, na ofisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsubiri amalize, akalitazama, akasema, "Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini nimetumwa."

Yasinta alikuwa amekaa nyuma kabisa. Bibi alimpa kanga yake moja, ile ya kanisani. Mzee Bukuru alitushukuru sote kwa zamu, na alipofika kwa Mwenyekiti alimwambia asijisumbue kupima tena, atachoka bure. Magurudumu yalipita juu ya duara, na lori likaondoka.

Bibi alifia katika nyumba ile, kwenye kitanda kilekile, miaka mingi baadaye. Kwa hesabu, baada ya vibanda vya pembezoni kubomoka, kitovu kilikuwa kimemrudia. Hakuna aliyekwenda kupima.

Leo mimi mwenyewe nimepita chuo cha ualimu na ninafundisha sehemu za duara, wala siruhusiwi kumpeleka mwanafunzi kilabuni. Vijana wa sasa wamebarikiwa. Kila mmoja ana bikari ya chuma ndani ya kijikasha chake, na wakubwa zao wana simu zenye ramani, ambamo mwenye simu ni nukta iliyo katikati daima, akienda Ngara mjini yuko katikati, akienda Biharamulo yuko katikati. Nimewauliza mara kadhaa nani yuko kwenye mzingo, nao hunitazama kama wanavyowatazama wazee. Maji yapo kwenye nyumba nyingi sasa. Mtu hufungua bomba lake, hufunga, na anaweza kumaliza mwaka bila kujua jirani yake wa mwisho ni nani.

Ninaposahihisha madaftari yao, nawapa alama zote, kwa haki. Maduara yao ni safi kabisa. Mstari unarudi pale pale ulipoanzia bila kutetereka. Yetu hayakuwahi kuwa hivyo. Yetu yalikuwa na kombo upande wa chini, ng'ambo ya kichaka, kwa sababu huko alikaa mtu.